Hongo ya Silabi Nne

Neno lenyewe ni la Kiingereza, na mpaka leo nikilisikia redioni naizima redio. Ni "incompetent". Lina silabi nne: in, com, pe, tent. Mkazo unakaa kwenye silabi ya pili, si kwenye ya tatu ambako ulimi wa mtu wa Tabora ungependa kuuweka. Mbele kuna kiambishi kinachokanusha, na kinachofuata baada yake ni sifa njema kabisa. Ukiziondoa zile herufi mbili za mwanzo, mtu aliyekuwa hafai kazi anakuwa anafaa. Nayajua haya yote barabara kwa sababu nilifundishwa mbele ya wanafunzi wangu mwenyewe, chaki ikiwa mkononi mwangu, na aliyenifundisha alikuwa mtani wangu.

Alikuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi ya binafsi niliyokuwa nafundisha kule Isevya, moja ya zile shule ambazo mtoto akisema Kiswahili hata chooni anaadhibiwa. Yeye ni Mgogo. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, akafia hapa akazikwa hapa, na mama akakataa kuliacha kaburi. Mwana alisomea Dodoma, akarudi na mashati ya kupigwa pasi mikunjo miwili na Kiingereza cha kupitia puani. Mimi ni Mnyamwezi wa Ng'ambo, binti wa seremala. Nina stashahada yangu ya ualimu, na Kiingereza changu nilikipata kwa jasho, kwa kamusi iliyokwisha kung'oka jalada na kwa kusikiliza taarifa ya habari hadi majirani wakaniona nimerukwa na akili.

Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu zama za misafara. Babu zetu walitembea kutoka huku hadi pwani na pembe mabegani, na walipofika Ugogo, nchi kavu ile, wenyewe wakawazuia njiani. Lipa hongo kwanza, ndipo unywe maji, ndipo upite. Watu walichukiana kwelikweli, halafu chuki ikapoa ikawa mzaha, na mzaha ukawa desturi. Mgogo anaweza kuniita mpagazi mbele ya mkwe wangu. Mimi naweza kumpokonya nyama kwenye sahani. Kwenye msiba ndiyo kabisa: mtani anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anamsema kwa uchoyo wake, na jeneza likitaka kutoka anaziba njia hadi alipwe anachotaka. Halafu anachota maji, anapika, anachimba, kwa sababu utani ni kazi pia. Na anayetaniwa hana ruhusa ya kununa.

Mwaka wa kwanza tulitaniana vizuri. Anaingia ofisi ya walimu asubuhi, "Mwangaluka, mpagazi, mzigo umefika?" Mimi namjibu kwa Kigogo chake, "Mbukwa, leo visima umetufungulia?" Nilikuwa naweka michembe kwenye droo ya meza yangu, viazi vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo mama yangu huniletea, na kila siku nilikuta vimepungua. Nilimtangaza kuwa mwizi. Alijibu kwamba anakusanya deni la maji la babu yangu. Walimu wenzetu walikuwa wanachelewa vipindi kwa kutusikiliza.

Kisha utani wake ukaanza kuchagua wasikilizaji. Tukiwa peke yetu alikuwa kimya, anasahihisha ratiba zake. Mwenye shule akija, ndipo anafungua kinywa: huyu ndiye mpagazi wetu, tunamvumilia tu, Kiingereza anakibeba kichwani kama furushi. Mwenye shule anacheka. Mimi nikirudisha kombora, mtani wangu anatazama saa. Nililiona hilo mapema. Mzaha wake ulikuwa unafika kwa watu wanaoamua mshahara wangu, na wangu ulikuwa unaishia mezani.

Siku yenyewe nilikuwa darasa la sita nikifundisha viambishi vya kukanusha. Mwalimu wa taaluma alikuja kunikagua, akakaa nyuma kabisa, magoti yamegota kwenye dawati la mtoto. Nilikuwa nimeandika "impossible" ubaoni na tulikuwa tunaipigia makofi silabi kwa silabi, kofi kubwa pale penye mkazo. Nikaupeleka mkazo kwenye silabi ya tatu. Nilikosea. Sikatai. Neno hilo nalijua, na siku nyingine yoyote ningelisema sawasawa, lakini mtu akikaa nyuma ya darasa akikusubiri uanguke, ulimi unarudi nyumbani kwao, na kwetu mkazo hukaa pale pale siku zote, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hauhamihami kama wa wale wenzetu.

Alinyanyuka. Akaja mbele, akaichukua chaki mkononi mwangu kwa adabu nyingi, akafuta neno langu kwa kiganja. Akawaambia watoto kwamba angemsaidia mwalimu wao kwa neno moja zuri. Akaandika "incompetent". Akalikata kwa mistari mitatu. Akalipigia makofi, akawataka nao walipige, na kila walipofika kwenye kofi kubwa la silabi ya pili alininyooshea chaki. In, com, pe, tent. Watoto wale ninawapenda, lakini mtoto ni mtoto. Darasa zima lilikuwa linacheza. Akawauliza nani anajua maana. Hakuna aliyejua. Akaeleza kuwa kiambishi kinasema hapana na sehemu iliyobaki inasema mwenye uwezo, kisha akatoa mfano wa sentensi, taratibu, ili kila mmoja aandike kwenye daftari lake: Our teacher is incompetent.

Wakaandika. Binti mmoja wa mbele aliinua macho akanitazama, akayashusha tena. Mwalimu wa taaluma alinirudishia chaki yangu, na sasa akazungumza Kiswahili, kwenye shule inayokataza Kiswahili, ili wote wasikie vizuri: "Msijali, huyu ni mtani wangu." Darasa likaangua kicheko. Alinivua nguo mbele ya watoto arobaini na ushei, halafu akanifunika kwa kanga ya utani, na mimi nikatakiwa nicheke.

Wiki ile nilipokuwa nikipita mitaa ya Isevya, nyuma yangu nilikuwa nasikia makofi manne. Nikigeuka, watoto wanatazama mbinguni. Dukani, sokoni, kwenye bomba la maji. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, mama mtu mzima ninayemheshimu, nikamweleza yote nikiwa nimekaza meno. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama mimi na yule bwana si watani. Nikasema ndiyo. Akaniuliza sasa namnunia mtani kwa kipi, na kama kweli ningetaka mkoa mzima usikie kwamba Mnyamwezi amemshtaki Mgogo kwa utani. Nilitoka pale nimefungwa mdomo kwa desturi ya babu zangu mwenyewe.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha Desemba. Mwezi wa tisa mwalimu wa taaluma aliniita ofisini kwake, akanikaribisha kiti, akaniambia hatapendekeza niongezewe. Masomo ya Kiingereza yangepewa mwalimu mwingine, na kama ningependa kubaki, kulikuwa na nafasi ya kuwaangalia watoto wa chekechea mchana wakilala. Nilimwuliza sababu. Akalitaja neno lilelile, kwa mkazo wake mahali pake. Nikamwambia, mtani, umezidisha sasa. Akafunga kalamu yake.

"Utani kando," akasema. "Hapa tunazungumza kazi."

Nilimchukia pale. Kabla ya hapo nilikuwa nimekasirika tu. Darasani aliponidhalilisha ulikuwa utani, na ofisini aliponikata riziki utani ukawekwa kando, na mwenye kuuweka na kuutoa alikuwa yeye peke yake, kama ufunguo wa kabati. Sikulia mbele yake. Nilikwenda kulia kwa baba, kwenye karakana yake Ng'ambo, kwenye maranda. Baba alisimamisha randa. Aliniuliza kama yule Mgogo ana wazazi. Nikamwambia ana mama, mgonjwa wa siku nyingi. Baba akaendelea kupiga randa.

Mama yule alifariki mwezi wa kumi na moja. Angezikwa Tabora, ubavuni mwa mumewe, na ndugu zake wakaja kwa treni kutoka Dodoma. Shule ilifungwa siku moja ili walimu wahudhurie. Mimi sikwenda na walimu. Nilitangulia asubuhi na mapema, nimefunga kibwebwe, nikaingia moja kwa moja jikoni kwa wafiwa.

Niliifanya kazi ya mtani yote, nayo niliifanya vizuri. Nilichota maji, nikamenya ndizi, kisha nikamnyang'anya mpishi mwiko nikaonja mchuzi na kutangaza kuwa marehemu amekwenda na chumvi yake, alivyokuwa mchoyo. Nilichukua kitenge chake na fimbo yake nikapita katikati ya mikeka nikiinama kama yeye, nikiwaamkia Wagogo wote "Mbukwenyi" kwa sauti ya kizee. Dada zake walicheka huku machozi yanawatiririka, na mmoja akanikumbatia, akasema tangu afike alikuwa hajapumua. Yule mwanawe alikuwa amekaa sebuleni karibu na jeneza. Hakunitazama.

Muda wa kutoka ulipofika, mchungaji ameshaomba na vijana wameshainama kubeba, nilikwenda nikalala kwenye kizingiti. Chali, miguu huku, kichwa kule. Nikasema hapa hapapiti mtu. Nikasema mlitudai hongo ya maji tukiwa na mizigo mabegani, na leo mzigo ni wenu na njia ni yetu.

Baba mdogo wa wafiwa, mzee kutoka Dodoma mwenye kofia ya sufu, alifurahi hata akasahau huzuni. Akapiga magoti, akanibembeleza kama inavyotakiwa. Akaleta kuku. Nikamkataa kuku. Akaleta kitenge kipya, bado kina karatasi. Nikakikataa. Watu wakaanza kunong'ona, kwa kuwa mtani hukataa kidogo kisha hupokea. Nikasema namtaka mwenye mama.

Akaja. Macho yalikuwa yamemvimba na shati lake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, lilikuwa limekunjamana. Niliyaona yote hayo nikiwa chini pale. Nikamwambia sitaki kuku wala kitenge, nataka anilipe lile neno, silabi kwa silabi, kwa makofi, kama alivyowafundisha watoto wangu.

Aliinama hadi karibu na sikio langu. "Mwalimu, nakuomba. Si hapa."

"Hapa hapa."

Mzee akauliza ni neno gani hilo. Nikalieleza kwa sauti, nikiwa chali kizingitini, kwa Kiswahili ambacho hata walioko chini ya turubai walikisikia: kwamba ni neno la Kizungu la kumwambia mtu hafai kazi, kwamba mwanao alinifundisha neno hilo mbele ya darasa akisema ni utani, na kwamba baadaye akautoa utani akanifukuzia kazi kwa neno hilohilo.  Mwalimu mkuu alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka mlangoni, mkoba umepakatwa, anatazama sakafu.

Mzee alimgeukia mtoto wa kaka yake. Alimwuliza kama ni kweli, naye akainamisha kichwa. "Basi lipa," mzee akasema. "Mama yako hawezi kushinda mlangoni."

Akalipa. Alisimama juu yangu na kupiga makofi manne, la pili likiwa zito kama inavyopaswa, na midomo yake ikatamka. Hata pale hakukosea mkazo. Nikamwambia sasa atoe kiambishi. Akatoa, akapiga makofi matatu, la kwanza likiwa zito. Nikamwuliza sifa hiyo ni ya nani. Vijana waliobeba jeneza wakawa wanahama mguu huu na ule. Akasema ni yangu. Nikasema walioko nje hawajui Kiingereza.

"Mwalimu huyu anafaa kazi yake," akasema, na sauti ikamkatika.

Niliinuka, nikajikung'uta, nikapiga kigelegele kimoja cha kupokea malipo, kisha nikashika mshikio wa mbele wa jeneza pamoja na wabebaji, nikamsindikiza mama yule hadi kaburini. Nilitupa udongo. Nililia pia, kwa kuwa alikuwa mama wa watu.

Kilichokwisha kulipwa kwa mtani hakirudishwi; hilo kila mtu Tabora analijua. Desemba mkataba wangu uliongezwa, na mwalimu mkuu mwenyewe aliniletea darasani. Walimu waligawanyika. Wengine walinipa mkono kwa siri. Mwenzangu mmoja wa darasa la nne aliniambia nimevuka mpaka, msiba si mahali pa kulipiziana. Nilimjibu kwamba darasa la sita pia halikuwa mahali pake, na hakuna aliyemwambia mwalimu wa taaluma hivyo siku ile. Watoto waliacha makofi, sijui nani aliwaambia.

Mtani wangu aliporudi kutoka matangani aliingia ofisini, akawaamkia wenzangu kwa Kiswahili mmoja mmoja, kisha akafika kwangu akasema, "Good morning, madam." Nikamtupia "Mbukwa." Akajibu kwa Kiingereza kwamba hajambo, ahsante. Nilidhani amenuna na atarudiwa na furaha yake baada ya wiki. Haikuwa hivyo. Muhula mzima ulikuwa ni "madam". Alinipisha mlangoni. Alinisifia maandalio ya masomo mbele ya mwenye shule. Niliacha droo wazi makusudi, na michembe ikakaa humo hadi ikaingia wadudu. Yule bwana alikuwa ameufuta utani wetu peke yake, kwa heshima, jambo ambalo hana haki nalo, maana hakuuanzisha yeye. Ulikuwa wa babu yake na babu yangu.

Nilijifanya sijali. Kazi ninayo, darasa ninalo, na mkazo siku hizi naupeleka ninapotaka.

Masika ya mwaka uliofuata baba yangu alianguka kwenye karakana, alfajiri, na alikata roho kabla hatujampata mtu wa kumpeleka hospitali. Sisi ni Waislamu; tulimzika siku ileile baada ya adhuhuri. Hapakuwa na muda wa kuwaita watu wa mbali. Alioshwa, akavishwa sanda, jeneza la msikiti likaingizwa ndani. Shangazi yangu, dada yake baba, alisimama ukumbini akatazama huku na kule, akauliza watani wa marehemu wako wapi. Kaka yake aliwazuia watu njia kwenye misiba ya nusu ya mji huu. Atatokaje bila kuzuiwa?

Nilichungulia nje. Alikuwepo. Amekaa na walimu wenzangu, shati limenyooka, mikono juu ya mapaja. Nikamwonyesha shangazi. Shangazi akamwendea mbio, akamshika mkono, akamwambia wewe ni Mgogo, inuka ufanye kazi yako, wenzako hawapo. Yeye akasimama, akaondoa mkono wake polepole, akamwamkia shikamoo. Akamwambia amekuja kama mfanyakazi mwenza wa binti wa marehemu, na kwamba anatoa pole. Kisha akaketi.

Nilitoka nikasimama mlangoni, mahali ambapo angeniona. Sikumwita, ila nilimtazama, na alijua nataka nini. Nilitaka aje alale pale. Amwige baba alivyokuwa akichechemea, amseme kwa ubahili wake wa misumari, anitukane mimi mpagazi na ukoo wangu wote. Alitaka lile neno? Ningelipigia makofi mbele ya Ng'ambo nzima, ningelisema la kwangu, kiambishi na yote. Alinitazama, akatazama saa.

Sheikh akasema tusimcheleweshe maiti. Wanaume wakainua jeneza wakianza tahlili, na mlango ulikuwa mweupe, hakuna mguu wala fimbo iliyowazuia. Baba yangu alitoka nyumbani kwake kama mtu ambaye hakuna aliyetaka abaki. Shangazi alikaa chini palepale ukumbini, akajifunika uso.

Baadaye mwalimu wa taaluma alikuja kunipa mkono. Alisema pole sana, mwalimu, Mungu amrehemu mzee. Aliyasema kwa upole, kila neno mahali pake, na watu waliokuwa karibu wakamwona muungwana. Nilimwambia ahsante. Ya darasani tulishayamaliza, aliyalipa yote kizingitini kwa mama yake. Hili la mlangoni kwa baba yangu simsamehe, naye anajua kwamba hakuna mahali ninapoweza kulidai.